Jinsi konokono wa maji baridi anavyoratibu ulaji wake

Konokono wa maji baridi hali kwa kutafuna. Hutoa nje ya kinywa radula, yaani utepe mfano wa ulimi uliopangwa safu za meno madogo sana, akauparuzia mwani ulioota juu ya jiwe au jani, kisha akaurudisha ndani na kumeza. Kwa konokono mwenye njaa aliyekwishaonja chakula, mzunguko huo hujirudia kila baada ya sekunde chache.

Konokono aliyechunguzwa zaidi katika jambo hili ni Lymnaea stagnalis wa mabwawa ya Ulaya, hasa kwa kazi ya miaka mingi ya Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza. Huyu si yule anayebeba vimelea vya kichocho katika Ziwa Victoria, ingawa naye hujilisha kwa kuparuza vivyo hivyo. Wanasayansi walimchagua kwa kuwa ana seli za neva takriban 20,000 tu, ilhali binadamu anazo takriban bilioni 86. Isitoshe, baadhi ya seli zake ni kubwa kiasi cha kutambulika mojamoja kwa hadubini.

Swali lilikuwa hili: ni nani anayepiga ngoma? Jibu lilipatikana kwa kuutoa ubongo wa konokono na kuuweka peke yake katika chombo cha maabara. Ingawa haukuwa na kinywa wala chakula, neva ziliendelea kutoa mpigo uleule wa kula. Maana yake, mdundo huo hauhitaji taarifa kutoka kwenye misuli. Huzaliwa ndani ya mafundo mawili ya neva yaliyo karibu na koo.

Humo mna makundi matatu ya seli yanayopokezana zamu. La kwanza huamuru radula itoke. La pili hulinyamazisha la kwanza na kuamuru mparuzo. La pili linapokoma, la tatu, lililokuwa limezuiwa, huibuka kwa nguvu na kuamuru kumeza. Hilo nalo hulizuia la kwanza hadi linapochoka, ndipo mzunguko huanza upya. Mpangilio huu hutegemea kuzuiana zaidi kuliko kuhimizana. Seli mbili kubwa zilizomo ubongoni, moja kila upande, humwaga serotonini, kemikali inayouwezesha mtandao wote kufanya kazi.

Kula ovyo ni hasara, kwani kila mparuzo hugharimu nguvu. Kwa hiyo seli za kundi la tatu hufanya pia kazi ya breki: konokono akishiba hutoa ishara mfululizo na kuzuia mzunguko usianze, akiwa na njaa ishara hizo hupungua. Mwaka 2016, watafiti wa Sussex walieleza kwamba uamuzi wa kula hutegemea aina mbili tu za seli, moja ikiarifu kama chakula kipo, nyingine kama mnyama ana njaa. Ndiyo maana konokono mwenye njaa huonekana mara nyingine akiparuza maji matupu, akijaribu bahati.