Mami Wata na Mamba Muntu: Safari ya Sura ya Pepo wa Maji

Mami Wata ni pepo wa maji anayejulikana katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi na ya Kati, na pia ng'ambo ya Atlantiki. Huchorwa akiwa mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, au mwanamke kamili aliyejizungushia nyoka, na mara nyingi ana kioo na kitana. Anasifika kwa kugawa utajiri, na anaogopwa kwa sharti analoambatanisha na utajiri huo: anayepokea hazina yake hutakiwa kuwa mwaminifu kwake peke yake, hata ikibidi akose mke au watoto. Imani hiyo ina mizizi ya kale. Sura yenyewe ni ya juzi tu kwa kulinganisha, na ilifika kwa meli.

Kabla ya meli za Ulaya kuonekana, watu wa mitoni na pwani walikuwa na pepo wao wa maji, kila mahali na wake. Katika delta ya mto Niger, Waijo waliamini kwamba chini ya maji kuna miji ya pepo matajiri wanaotoa samaki, watoto na bahati. Pepo hao waliigizwa katika ngoma za vinyago vilivyochanganya sura ya binadamu na ile ya papa, kiboko au mamba. Hawakuwa na sura moja, wala hawakuwa wanawake wote.

Wareno walipofika katika karne ya 15 walikuja na hadithi za nguva wa kwao, na sanamu zilizochongwa kwenye omo za meli za Ulaya zilizofuata ziliwaonyesha wenyeji viumbe wa aina hiyo. Mabadilishano yalianza mapema. Mafundi wa Sapi, katika nchi inayoitwa leo Sierra Leone, walichonga pembe za ndovu kwa ajili ya wanunuzi wa Kireno kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, na baadhi ya vyombo vyao vina umbo la mwanamke mwenye mkia wa samaki. Watu waliotoka baharini, wenye ngozi nyeupe na shehena za nguo, shanga na shaba, walilingana na kile kilichokuwa kikisimuliwa juu ya wakazi wa chini ya maji. Hivyo utajiri wa pepo na utajiri wa biashara ya ng'ambo vikaanza kusimuliwa pamoja, na jina lenyewe la Mami Wata likatoka katika Kiingereza cha bandarini.

Sura iliyoshinda nyingine zote ilichapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Wakati huo Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa mji huo, alikuwa akiendesha maonyesho ya wanyama na ya watu waliochukuliwa kutoka nchi za mbali. Miongoni mwa wasanii wa maonyesho ya namna hiyo alikuwamo mwanamke mchezesha nyoka, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Maladamatjaute. Kiwanda cha uchapaji cha Adolph Friedländer, kilichobobea katika mabango ya sarakasi, kilitoa picha yake ya rangi. Anamtazama mtazamaji uso kwa uso, nywele nyingi nyeusi zimegawanywa katikati ya utosi, mapambo yanameta kifuani na mikononi, na joka limemzunguka huku kichwa chake kikiinuka juu. Pembeni chini kuna picha ndogo ya mpiga filimbi kati ya nyoka. Mwili wa mwanamke huyo unaishia kiunoni, hivyo kila mtazamaji aliachiwa nafasi ya kuumalizia mwenyewe: miguu au mkia.

Hamburg ilikuwa bandari kuu ya biashara ya Wajerumani na Afrika Magharibi, hasa baada ya Ujerumani kutwaa Togo na Kamerun mwaka 1884. Picha ikasafiri. Mwaka 1901 Jonathan Adagogo Green, mpiga picha mzaliwa wa Bonny katika delta ya Niger, alipiga picha ya kinyago cha kuvaliwa kichwani kilichochongwa kwa kuifuata: nywele zilezile, nyoka yuleyule. Yaani katika muda wa miaka isiyofika 20, bango la sarakasi lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa chombo cha ibada. Baadaye wachongaji wa Annang, kusini mashariki mwa Nigeria, waliifanya kuwa kielelezo cha kazi zao.

Mahitaji yakazidi nakala zilizokuwapo. Mwaka 1955 kampuni ya Shree Ram Calendar ya Bombay iliichapa upya kwa oda iliyotoka Kumasi, Ghana, na nakala 12,000 zikaenda huko. Wakati huohuo picha za miungu ya Kihindu zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika miji ya pwani. Waumini wa Mami Wata, hasa Waewe wa Ghana na Togo, walizitazama kwa makini, wakaona humo moshi wa ubani, maua, mishumaa na vyakula, kisha wakazipa maana zao. Lakshmi na Hanuman wakapata nafasi katika madhabahu za pepo wa maji, na India yenyewe ikahesabiwa kuwa mojawapo ya makazi yao. Juu ya meza ya madhabahu hupangwa kioo, marashi, poda, wanasesere na vinywaji vitamu.

Huko Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, pepo wa namna hii anaitwa Mamba Muntu. Kisa chake husimuliwa hivi. Mwanamume anaokota kitana au kishungi cha nywele kando ya maji. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni kukidai, na anaahidi mali akirudishiwa. Mapatano hufungwa kwa siri. Siri ikitoka, au mwanamume akivunja uaminifu, mali hupotea na mara nyingine roho pia. Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walimchora kwa wingi, aghalabu juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha zikatundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi wa migodi. Watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza katika miaka ya 1970, walikuta ni mojawapo ya picha zilizopendwa kuliko zote. Mamba Muntu wa picha hizo ni mweupe, ana nywele ndefu, na mara nyingine amevaa saa ya mkononi. Katika miji iliyoishi kwa mshahara wa kampuni za migodi, fedha za ghafla zilihitaji maelezo, na yeye alikuwa mojawapo.

Karibi nako sura hiyo ilipokewa. Katika Jamhuri ya Dominika mchezesha nyoka wa Hamburg anaheshimiwa kama Santa Marta la Dominadora. Haiti ina La Sirène, pepo wa bahari mwenye mkia wa samaki.

Tangu miaka ya 1980 makanisa ya Kipentekoste ya Nigeria na Ghana yamemtangaza Mami Wata kuwa wakala wa Shetani, na shuhuda za waliodai kuponyoka ufalme wake wa chini ya maji zimeenea kwa vitabu na filamu. Wanaomlaani na wanaomwabudu wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba yupo na ana mali. Wasanii nao wamemchukua kwa njia yao. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles, lilifungua maonyesho makubwa juu ya sanaa zake, na mwaka 2014 Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Kenya, alifanya maonyesho London kwa jina la Kiswahili, "Nguva na Nyoka".