Sarafu, Mkono na Udongo

Sarafu za shaba za Kilwa zina vina. Upande mmoja lipo jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na tamati ya upande huu hulingana kwa sauti na tamati ya upande ule. Mwenye kuigeuza sarafu hiyo kiganjani, akaisoma mbele na nyuma, huwa amesoma ubeti mfupi wa Kiarabu uliotembea mikononi mwa wachuuzi, mabaharia na mafundi. Mwenye kusoma upande mmoja tu amebakiwa na kipande kisicho mwenzake.

Tarehe, lakini, sarafu hizo hazina. Hilo tuliweke akilini, kwani litaturudia mbele. Kwanza tuulize: kitu kidogo namna hiyo, kilicholala ardhini mamia ya miaka, husikika vipi na mwanadamu aliye juu yake?

Mashine ya kutambua metali haikuzaliwa kwa ajili ya hazina. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alitengeneza chombo cha umeme cha kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Chombo kilifanya kazi. Ila mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya kitanda chenye springi za chuma, na daktari wake alishikilia kwamba risasi iko upande wa kulia, kumbe ilikuwa wa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Katika Vita Vikuu vya Pili, Luteni Józef Kosacki, Mpoland aliyekuwa Uskoti na jeshi la nchi yake, alibuni mashine ya kutafutia mabomu ya ardhini, na mamia ya mashine hizo yakatumiwa El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita, mashine za aina hiyo ziliingia mikononi mwa raia, na chombo cha kuokolea roho kikawa chombo cha kusakia sarafu.

Utendaji wake si mgumu kuueleza. Sahani iliyo mwisho wa mpini ina nyaya zilizozungushwa ndani yake. Umeme ukipita humo, sahani hutoa nguvu ya sumaku inayozama udongoni. Ikigusa metali, huamsha humo mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hujibu. Mashine huyasikia majibu hayo na kuyageuza mlio masikioni mwa mtafutaji. Mashine nyingi za leo husikia pale tu sahani inapokwenda. Isimamishe juu ya sarafu, mlio utafifia. Basi mwendo hauna budi. Swali ni mwendo gani.

Watafutaji wazoefu huipeleka sahani kulia na kuirudisha kushoto kwa sekunde tatu au nne, karibu na ardhi, bila ya kuiinua mwishoni mwa kila pigo, na kila pigo jipya hufunika nusu ya lile lililotangulia. Mwenye pupa huacha mapengo asiyoyajua. Tena, penye takataka nyingi, msumari wenye kutu na sarafu iliyo kando yake hutoa milio inayoingiliana. Sahani ikipita mbio, mashine haiwahi kuumaliza mlio wa kwanza kabla ya kuupokea wa pili, na msumari huimeza sarafu. Sahani ikipita taratibu, milio hutengana, kama mizani mbili zilizotenganishwa na kituo.

Vivyo hivyo kwa mipangilio ya mashine. Mgeni wa kazi hii hupandisha usikivu hadi juu kabisa, akidhani atasikia zaidi. Penye mchanga uliolowa maji ya chumvi, au udongo wenye chuma kingi, mashine yake hulialia ovyo, kwa kuwa ardhi yenyewe inajibu. Akiushusha usikivu kidogo na kuisawazisha mashine na ardhi aliyosimama juu yake, husikia vizuri zaidi. Hupandisha pia uchujaji ili asisumbuliwe na karatasi za bati na vifuniko vya chupa. Lakini sarafu ndogo na nyembamba hulia kwa sauti iliyo jirani na ya takataka hizo. Vifedha vidogo vilivyochimbuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ni vyepesi mno. Mashine iliyofundishwa kudharau vinyonge ingevipita kimya.

Hata hivyo, ustadi mkubwa kuliko wote ni kujua pa kuusimamisha mkono. Aprili 2010, karibu na mji wa Frome huko Uingereza, Dave Crisp alisikia mlio, akachimba, akaona sarafu na mdomo wa chungu. Akaacha. Alifukia shimo, akawaita wanaakiolojia. Nao walikitoa kilichomo tabaka baada ya tabaka: sarafu 52,503 za Kirumi. Sarafu za mtawala Carausius, ambazo zilikuwa miongoni mwa zile za karibuni zaidi, nyingi zilikutwa chini, si juu. Kwa hiyo chungu hakikujazwa kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Kilijazwa kwa mara moja. Habari hiyo haikuandikwa juu ya sarafu hata moja. Iliandikwa katika mpangilio wake, na mkono wa pupa ungeifuta kwa dakika chache.

Hapa ndipo tunaporudi kwetu. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Hizo nazo hazikuwa na tarehe. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za makhalifa wa Kifatimiya, na dhahabu hiyo ndiyo iliyosaidia kuijulisha hazina yote kuwa ya karne ya 11. Lau mtu angeichopoa dhahabu na kuiuza, fedha zingebaki mabubu. Na Songo Mnara, jirani ya Kilwa, sarafu za shaba zimekutwa makaburini pamoja na vijiwe vyeupe. Sarafu iliyowekwa kaburini haielezi bei ya kitu. Inaeleza jinsi walio hai walivyowakumbuka wafu wao. Iondoe pale, uitie koponi, nayo itarudi kuwa shaba tu.

Mfano wa kopo tunao. Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo: nne za Kiholanzi na tano za Kilwa. Zilikaa kwake hadi mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Tangu hapo wataalamu wameuliza zilifikaje kule, na jibu la kukata shauri halijapatikana, maana udongo uliozizunguka haukusomwa siku ile. Askari hakukosa adabu. Aliokota tu, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza Tanzania Bara kuchimbua mabaki ya kale bila ya kibali, na Zanzibar na Kenya nazo zina sheria zao. Lakini sheria haiko ufuoni maji yanapokupwa. Aliyeko ni mvuvi, mtoto anayechuma chaza, au mgeni mwenye mashine begani. Kwao hao sarafu ina pande mbili. Sisi tuwaambie kwamba ina upande wa tatu, nao ni udongo uliokuwa chini yake, na kwamba bila ya huo ubeti haujatimia.