Albamu Kuu ya Jazi Inayoanza kwa Kiswahili

Ukikaa na watu wanaopenda jazi ukawauliza albamu gani ni kubwa kuliko zote, dakika kumi hazipiti utatajiwa Kind of Blue ya Miles Davis. Sina ugomvi nayo. Ilirekodiwa New York kwa vikao viwili tu, Machi 2 na Aprili 22 mwaka 1959, ikatoka Agosti mwaka huohuo, na mpaka leo inauzwa. Ina hata kisa kitamu cha kisayansi: katika kikao cha kwanza mashine moja ya utepe ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, sauti inapanda. Basi nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zikiwa juu kidogo ya zilivyopigwa, na dunia ikazisikiliza hivyo hivyo, ikiziita kamilifu, hadi toleo la mwaka 1992 lilipozirudisha mahali pake.

Lakini leo iweke pembeni. Nataka tubishane juu ya albamu nyingine ya New York, mwaka mmoja tu baadaye, ambayo mwanzo wake wewe utauelewa bila mkalimani na shabiki wa Marekani atabaki kukodoa macho. Inaitwa Uhuru Afrika, ya mpiga piano Randy Weston.

Tazama majina ya sehemu zake: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu, Kucheza Blues. Ilirekodiwa Novemba 1960. Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alikusanya wanamuziki zaidi ya 20 studioni. Kati yao alikuwamo Max Roach kwenye drams, Yusef Lateef kwenye filimbi na saksafoni, Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, na kwa upande wa ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria pamoja na Wakuba wawili, Candido Camero na Armando Peraza. Huyo Candido na Peraza washike kichwani, tutawahitaji tukifika Tanga. Aliyeupanga muziki wote huo kwenye karatasi, nani aingie lini na kwa sauti gani, ni mwanamke mpiga tromboni, Melba Liston. Watu wakiijadili albamu hii jina lake huja mwishoni, kama limekumbukwa njiani. Mimi nadhani nusu ya ukubwa wake ni kazi ya Liston.

Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, kwa Kiingereza. Lakini Weston alitaka lugha ya Afrika, na si ya kabila moja wala nchi moja. Akaenda kuulizia kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa pale New York, akaambiwa Kiswahili. Shairi likageuzwa, na aliyelisoma studioni ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Ndiyo, yuleyule ambaye wazee wako watamkumbuka kama mwanasiasa na mbunge.

Sasa hesabu tarehe. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika haikuwamo. TANU ilikuwa imeshinda viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa mwaka huo na Nyerere alikuwa ameshaunda serikali, lakini bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea na ingepepea mpaka Desemba 9, 1961. Kwa hiyo ile sauti unayoisikia mwanzoni mwa santuri, ikitamka uhuru juu ya ngoma, ni ya mtu ambaye nchi yake bado haijawa huru. Haadhimishi kitu kilichokwisha kupatikana. Utawala wa Makaburu ulielewa vizuri: mwaka 1964 Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hii.

Haya, hayo ndiyo maneno ya mtetezi. Mpinzani naye ana hoja, tena si za kitoto.

Ya kwanza: Weston alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Safari yake ya kwanza, kwenda Nigeria, ilikuwa mwaka 1961, albamu ikiwa imekwisha rekodiwa. Afrika ya Uhuru Afrika ni ya kufikirika, imetungwa na mtu wa Brooklyn kutokana na alichofundishwa nyumbani, vitabu na watu aliokutana nao. (Baadaye alikuja kuishi Morocco kwa miaka kadhaa, mjini Tangier. Tanja, si Tanga, msije mkaanza kusherehekea.) Ya pili: kuna wanaosema utangulizi wake ni hotuba iliyowekewa ngoma, na hotuba hata ikiwa tukufu si muziki. Ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma mimi mtu wa pwani: Kiswahili mle ndani ni pambo. Msikilizaji waliyemlenga hakijui. Anakisikia kama sauti tu, kama mlio wa ala nyingine.

Tuichukue hiyo ya tatu, maana ndiyo inayotuleta nyumbani.

Novemba 1960, wakati Sanga yuko mbele ya kipaza sauti New York, Tanga nako kulikuwa na jazi. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye majina ya bendi kote Tanganyika: Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu miaka ya 1940, na Tanga ikaja kuwa na mahasimu wake wawili wakubwa, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ukimwekea shabiki wa Miles Davis wimbo wa Jamhuri atakuambia hii si jazi, ni rumba. Atakuwa na haki kwa upande mmoja. Muziki wa dansi wa kwetu ulijifunza sana kwa Cuba, kupitia santuri za GV ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzisambaza Afrika mwaka 1933. Gitaa zikashika kazi ya piano na tarumbeta za Havana, tumba zikabaki tumba. "Jazz" kwenye jina la bendi ilimaanisha kitu cha kisasa, ala za kizungu, suti, ukumbi na tiketi mlangoni.

Umeona sasa kwa nini nilikuambia uwashike Candido na Peraza? Weston wa New York alipotaka kusogea karibu na Afrika aliwaita Wakuba. Vijana wa Tanga walipotaka kuwa wa kisasa waliwaiga Wakuba. Wote wawili walikuwa wakigonga mlango mmoja, mmoja anaingia, mwingine anatoka, na nyuma ya mlango kulikuwa na wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo.

Na Kiswahili je? Jamhuri Jazz ilitokana na kikundi kilichoitwa Young Nyamwezi. Jiulize: Wanyamwezi Tanga wanafanya nini? Jibu ni mkonge. Mashamba ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe yalikuwa yakivuta vibarua kutoka kila pembe, wale walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mnyamwezi, Mmakonde, Mbena na Muha wakikutana Jumamosi jioni kwenye dansi, wimbo utaimbwa kwa lugha gani? Weston alikichagua Kiswahili kwa hoja, baada ya kuuliza. Kule mashambani hakuna aliyekichagua, kilikuwa ndicho pekee ambacho wote wangekielewa. Kwa hiyo lile wazo la Uhuru Afrika, kwamba kuna lugha inayoweza kuwaweka Waafrika wengi ndani ya wimbo mmoja, Tanga lilikuwa jambo la kila wiki. Mpinzani anayesema Kiswahili cha albamu ile ni pambo angekuwa sahihi kama kisingekuwa kinafanya kazi hiyohiyo mahali pengine, siku hizohizo. Kilikuwa kinafanya.

Basi kwa nini orodha za albamu kuu zina Uhuru Afrika, angalau zile zilizotulia, na hazina hata moja ya Tanga? Hapa itabidi tufanye fizikia kidogo.

Santuri ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka kuelekea katikati. Santuri kubwa ya inchi 12, iliyotolewa na Columbia mwaka 1948, inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Upande mmoja ukiwa na dakika 22, sindano inazunguka takriban mara 733, na mizunguko yote hiyo inabidi ienee ndani ya upana usiofika sentimita 9. Yaani mifereji minane au tisa kwenye kila milimita. Santuri ndogo ya inchi 7, iliyofuata mwaka 1949, inakwenda mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni mizunguko 180 na nafasi karibu imekwisha. Ukitaka sauti kubwa na besi nzito ndiyo kabisa, kwa sababu mfereji unayumba zaidi kushoto na kulia na unakula nafasi ya jirani yake.

Kitu kama Uhuru Afrika, chenye sehemu nne zinazofuatana, kinaweza kuzaliwa kwenye santuri kubwa tu. Bendi za Tanga zilirekodi Radio Tanzania, kwenye utepe, kwa ajili ya kurushwa hewani, na zilipotoa santuri zilikuwa zile ndogo, zilizochapwa Nairobi kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, huku na huku, ukageuze mwenyewe. Kwenye ukumbi wimbo huohuo uliendelea mpaka wachezaji walowe. Kwa hiyo ukiuliza "albamu kuu ya jazi ya Tanga ni ipi?" umeuliza swali ambalo kiwanda kilishalijibu kabla ya mwanamuziki hajafungua mdomo.

Kuna mahali pazuri pa kulielewa hili. Toka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, kama kilomita 17 hivi, ufike Tongoni. Jina lenyewe linakuambia: tongo ni mahame. Utakuta gofu la msikiti na makaburi takriban 40, mengine yalikuwa na nguzo ambazo nyingi zimeanguka, na vishimo ambamo bakuli za kigeni ziliwahi kupachikwa. Huo ulikuwa mji wa Mtangata, na katika vitabu vingi vya dunia umeingia kwa sababu meli moja ya Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu yake mwaka 1498, na mwaka uliofuata akaichoma moto papa hapa pwani. Ukiuhukumu mji kwa mawe utasema ulikuwa wa watu wa msikitini na maiti. Lakini sehemu kubwa ya watu wa miji hii waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na udongo ulirudi kuwa udongo. Mwanaakiolojia anajua hilo, ndiyo maana anachimba pia pale pasipo na ukuta. Wapenzi wa jazi wanaopanga orodha za albamu kuu mara nyingi wanahesabu makaburi ya mawe tu.

Msimamo wangu, kwa kuwa umenisubiri: kwa muziki mtupu, dakika kwa dakika, Kind of Blue inashinda. Uhuru Afrika ina mahali inaposimama kuhutubia, na Kucheza Blues mwishoni ni sherehe nzuri lakini ni sherehe ambayo wale jamaa wangeweza kuipiga usiku wowote. African Lady ndiyo kilele, sauti za Martha Flowers na Brock Peters zikipita juu ya zile tarumbeta na tromboni alizozipanga Liston. Ila kama swali ni albamu, kitu kizima chenye mwanzo na mwisho ambacho kisingewezekana kwa umbo jingine, naiweka Uhuru Afrika juu. Kind of Blue ni nyimbo tano bora sana zilizowekwa pamoja. Uhuru Afrika ni hoja moja, na inaanza kwa sauti ya Mtanganyika ambaye bado anatawaliwa.

Na ubishi huu una gharama, usidhani ni wa kupoteza jioni. Albamu ikishaitwa kuu hutolewa upya, husafishwa, huhifadhiwa. Isiyo albamu husubiri. Kanda za Radio Tanzania zilizobeba Atomic na Jamhuri ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za sumaku kwa gundi, na gundi hiyo ikinywa unyevu wa hewa ya pwani mwaka baada ya mwaka huanza kuoza na kunata. Chembe zikibanduka, wimbo umekwenda nazo. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Jamhuri, wakapitia Arusha, wakavuka kwenda Kenya mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika. Waliweza kutoa santuri kubwa huko, ndiyo maana leo wanasikilizwa mpaka Ulaya. Wenzao waliobaki Tanga walipiga gitaa za namna ileile.

Usiku mmoja fanya hivi. Sikiliza Bantu, ile sehemu ya tatu ambapo ngoma zinapewa nafasi yao, kisha papo hapo weka wimbo wowote wa Jamhuri Jazz utakaoupata. Usisikilize gitaa wala piano. Fuata tumba peke yake.