Kutoka Peugeot 404 hadi Toyota Corolla: Gari, Fundi na Msamiati

Tunapofundisha historia ya Kiswahili hutaja misafara, shule na redio, lakini gari dogo husahaulika. Makala haya yanalinganisha gari la kale, Peugeot 404, na saluni ya siku hizi, Toyota Corolla, ili kuonyesha jinsi kila moja lilivyoigusa lugha yetu.

Tuanzie Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Kibemba ndicho kinachotawala huko, ila Kiswahili si kigeni. Misafara ya Waswahili ilifika kwa Mwata Kazembe katika karne ya 19, na ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kiswahili ni lugha ya soko na ya safari. Wabemba huita gari motoka, Waganda mmotoka, na kamusi zetu zina motokaa. Yote hayo asili yake ni Kiingereza. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi. Zambia magari hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Na anayeitwa dereva Dar es Salaam huitwa shofere Lubumbashi. Kila njia ya biashara iliacha maneno yake.

Peugeot 404 lilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limebuniwa na Pininfarina wa Italia. Sifa zake Afrika Mashariki zilitokana na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland kutoka Tanzania. Mdogo wake 404, yaani 504, alitoka mwaka 1968, na huko Kenya "Pijo" likawa jina la teksi ya masafa marefu. Jina la kampuni likageuka nomino ya kawaida.

Gari hilo fundi aliweza kulifungua lote. Betri ikifa, liliwashwa kwa hendeli. Kabureta, plagi, platini, koili, klachi: kila kifaa kilipata jina lililotamkika, na mwanafunzi wa gereji alifundishwa kwa Kiswahili chini ya mti. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda maneno hayo.

Corolla lilizaliwa mwaka 1966, na kuanzia 1983 saluni zake zilianza kuendeshwa na magurudumu ya mbele. La siku hizi hunywa mafuta kidogo, na lina mifuko ya hewa na breki zisizogoma kwenye utelezi. Kwa usalama wa abiria, 404 haliwezi kushindana nalo. Lakini mafuta yake hupimwa na kompyuta, na likiugua huwasha taa tu. Fundi asiye na mashine ya kusomea hubaki kubahatisha.

Mengi ya magari hayo yametumika kwanza Japani, ambako pia hupita kushoto, ndiyo maana usukani wake unatufaa. Baadhi, yakiwashwa, humwambia dereva kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Dereva wa Nchelenge huweza kulisikia tangazo hilo kila asubuhi bila kujua linasema nini.

Hapo ndipo palipo na hoja yetu. Hatusemi kwamba la kale ni bora. Tunasema kwamba elimu ya 404 iliingia katika Kiswahili kupitia mikono ya mafundi, ilhali elimu ya Corolla inakuja imefungwa ndani ya kisanduku na ndani ya lugha za wengine. Tukingoja, mwanafunzi wa gereji atalazimika kujifunza lugha ya kigeni kabla ya kushika spana.

Tunawashauri wanafunzi wetu wa isimu waende gereji na daftari, wasikilize mafundi wanaitaje sensa na nyaya zake, wayaandike maneno hayo, kisha tuyajadili darasani. Mafundi walitutangulia katika enzi ya kabureta. Safari hii tusiwaache peke yao.