Habari za Mto Naro Moru

Msafiri atokaye Nyeri kwenda Nanyuki huvuka mto mdogo uitwao Naro Moru, na pengine hautazami hata mara moja. Lakini mto huu una historia, nayo yatufaa sote tunywao maji ya mlimani.

Chanzo chake ni katika bonde la Teleki, upande wa magharibi wa vilele vya Mlima Kenya. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huo kwa mbali, alipokuwa Ukambani, akatoa habari za theluji yake. Wataalamu wa Ulaya hawakusadiki. Mwaka 1887 Samuel Teleki wa Hungaria akaupanda kwa upande huo, asifike kileleni; bonde likaitwa kwa jina lake. Ndipo mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza, akafika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199.

Wengi hudhani ya kuwa barafu ndiyo mama wa mto. Sivyo. Barafu iitwayo Lewis, iliyo juu ya bonde hilo, ilipoteza sehemu tisa katika kumi kati ya mwaka 1934 na 2010, wala mto haukukoma huko juu. Maji yake mengi ni ya mvua, ambayo majani ya mlimani na msitu huyashika na kuyatoa polepole. Vilele vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949. Lakini msitu wa chini ulizidi kukatwa, hata mwaka 2000 ukatiwa chini ya ulinzi wa idara ya wanyama.

Huko uwandani Wamasai walilisha ng'ombe zao, hata walipohamishwa kusini katika miaka 1911 hadi 1913, na walowezi wakaitwaa nchi. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yaligawanyika kwa wakulima wadogo. Mifereji na mabomba yakaongezeka. Basi wakati wa kiangazi mto uliotoka msituni na maji ukakauka kabla ya kufika Ewaso Ng'iro, na wafugaji wa chini wakaona kiu. Ugomvi ukazuka. Sheria ya maji ya mwaka 2002 ikavitambua vyama vya watumiao maji, ili wa juu na wa chini wakae pamoja na kupangiana zamu.

Basi tusiilaumu barafu peke yake. Anayekata mti msituni, na anayefungua mfereji usiku isipokuwa zamu yake, wote wawili wanamnyima jirani maji.