Kwa nini maji ya ORS yanahitaji sukari na chumvi pamoja

Ukipita mitaa ya Kariakoo asubuhi, utawakuta mama lishe wakikata vitunguu vya kachumbari ya mchana. Wakishakata wananyunyiza chumvi, wanaviacha kidogo, kisha wanavikamua. Maji yanayotoka ni mengi, na vitunguu vilivyokuwa vigumu vinalegea. Hakuna aliyeongeza maji pale. Yametoka ndani ya kitunguu chenyewe, na huenda kitunguu hicho kimetoka shambani kwako, msikilizaji wa Singida au Mang'ola.

Jambo hilohilo hutokea tumboni mwa mtu anayeharisha, na kulielewa kunaweza kuokoa maisha ya mtoto nyumbani.

Kitunguu, kama mwili wa binadamu, kimejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Hewa ya oksijeni hupita kwenye utando huo yenyewe, kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta. Zinahitaji milango maalumu ya protini iliyopachikwa kwenye utando, na kila mlango una kitu chake unachokipitisha. Maji nayo hupita, lakini yana tabia moja: huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Tabia hiyo huitwa osmosisi. Mama lishe aliweka chumvi nje ya seli za kitunguu, maji yakaifuata.

Sasa twende Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam. Kilianzia Kinondoni, kikaingia Ilala, ambako ndiko Kariakoo iliko, na Temeke, kisha kikasambaa mikoani. Maelfu ya watu waliugua.

Bakteria wa kipindupindu hawali utumbo wala kuutoboa. Wanatoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo mwembamba kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma. Unajua kinachofuata: maji ya mwili huifuata chumvi, na mgonjwa anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Ndiyo maana mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufariki kabla ya jioni.

Ukimpa maji matupu, mengi yanapita tu. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu ile haiufungi. Mlango huo una masharti: hupitisha glukosi, yaani sukari, ikiwa imeshikana na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi. Kila chembe 1 ya glukosi huingia na chembe 2 za sodiamu. Zikishaingia zote, maji yanazifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi mlango huu unavyofanya kazi mwaka 1960, na miaka michache baadaye madaktari wa Dhaka na Calcutta wakautumia kutibu kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu zilikuwa zikiisha katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe, wakinyweshwa na ndugu zao. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtoto akiharisha, tunampa soda au juisi tukidhani utamu utampa nguvu. Sukari ikizidi utumboni, inafanya kama ile chumvi juu ya kitunguu: inavuta maji kutoka mwilini, na kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi nayo ni hatari, hasa kwa mtoto. Kwa hiyo pakiti ya ORS ya zahanati au duka la dawa ndiyo bora, maana imepimwa. Ichanganye yote katika maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, aghalabu lita 1. Usigawe nusu, na yakipita saa 24 mwaga utengeneze mengine.

Pakiti ikikosekana kabisa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya kujaza. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati pia hutoa vidonge vya zinki kwa watoto. Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya haraka huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Na madafu, yale yanayouzwa kwenye baiskeli pale Kariakoo? Yana potasiamu nyingi na sukari kiasi, lakini sodiamu yake ni kidogo. Anayeharisha anaweza kuyanywa, ila kwa kipindupindu hayachukui nafasi ya ORS.