Vuga, mji mkuu wa Wakilindi

Ndugu msikilizaji, barua moja kutoka Mlola, huko juu Lushoto, imeleta swali ambalo sikutaka lipite hivi hivi. Aliyeiandika analalamika kwamba kila tukizungumzia miji ya kale hapa redioni tunakwenda Kilwa, Lamu na Bagamoyo. Anauliza: je, babu zetu wa milimani waliishi mapangoni?

Hawakuishi mapangoni. Walikuwa na Vuga.

Vuga iko upande wa kusini wa milima ya Usambara, si mbali na Soni. Wazungu hupenda kuwaonyesha wageni vijiji vyao vya kale vilivyojengwa vilimani, na kweli ni vizuri, kwa kuwa vilijengwa kwa mawe. Vuga ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, nyumba za msonge zikizungukwa na migomba. Mji wa namna hiyo hauachi magofu. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusahauliwa kwake, wala si udogo wake. Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba mji ulikuwa na nyumba zipatazo 500, na kwamba aliambiwa wakazi ni 3,000. Na huyo hakuwa mtu wa kusifu ovyo mambo ya Waafrika.

Ukoo uliotawala hapo, Wakilindi, walitokana na Mbega, mwindaji kutoka Ngulu, katika karne ya 18. Masimulizi yanasema alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na kwa desturi ya wakati ule mtoto wa namna hiyo hakutakiwa kuishi. Alipoingia Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Kisha akaua simba. Wasambaa wakamfanya mtawala wao, na tangu hapo mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria wana haki ya kutilia shaka habari za simba, lakini habari ya nyama na nguruwe inaeleza mengi: mfalme alikubalika kwa sababu watu walishiba.

Hata baadaye kipimo kilikuwa hicho hicho. Wasambaa waliamini mfalme ana uwezo wa mvua. Akiwa na nguvu bila mpinzani, nchi inapona. Wakigombana wakubwa wawili, nchi inaharibika na njaa inaingia. Mrithi alikaa Bumbuli akingoja zamu yake, ili Vuga isiwe na wakubwa wawili kwa wakati mmoja.

Mfalme aliyevuma kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848, akarudi tena 1852. Burton alimkuta mzee sana, amedhoofika, akiomba dawa ya kumrudishia ujana. Wageni hao hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mji. Kwa hiyo, ukisoma maneno ya Burton juu ya Vuga, kumbuka unamsikia mtu aliyesimama mlangoni. Mimi namwamini zaidi Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia Wakilindi wenyewe na kuandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili.

Sasa, mji kama huo ulikwishaje? Msikilizaji, tazama chini bondeni. Misafara ya pembe za ndovu ilipita bonde la Pangani, na pale Mazinde, chini ya milima, alikaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Bunduki na baruti zilifika kwake kwanza. Vuga ilikuwa na ngoma ya enzi na heshima ya mvua, lakini bunduki hazipandi mlima kwa heshima. Kimweri alifariki mwaka 1862, akarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Miaka michache tu, Semboja akamfukuza, Vuga ikachomwa moto, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe kwenye kiti. Yeye hakuhamia Vuga. Alibaki Mazinde, kwenye njia ya biashara.

Hapo wananchi waliona ile imani yao ikitimia kwa namna mbaya. Wabondei waliasi na kuwafukuza Wakilindi. Milimani walizuka wakubwa wengi, kila mmoja na bunduki zake, na watu walikamatwa na kuuzwa utumwani Pangani, wengine na watawala wao wenyewe. Wajerumani walipokuja walikuta nchi imechoka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vuga.

Ndugu yangu wa Mlola, ukishuka siku moja kwa basi kwenda Mombo, teremka Soni uulize njia ya Vuga. Usitafute kuta. Tafuta mzee, ukae naye, na uende na kalamu.